Kimemo Chenye Namba

Nianze na jina, maana ugomvi wote ulianzia kwenye jina.

Mtoto wangu anaitwa Dorika. Mtu mwenye adabu zake angeniita Mama Dorika, na huku Nangara ninakoishi ndivyo majirani walivyokuwa wakiniita zamani. Lakini ofisini, sokoni, kanisani na hata kwa fundi cherehani, mimi ni Mama Kaimu. Jina hilo nilivikwa mwaka ambao mkuu wetu wa masijala alistaafu, nami nikapewa barua ya kukaimu nafasi yake mpaka apatikane mtu. Miongozo inasema mtu asikaimu zaidi ya miezi sita. Mimi nilikaimu miaka tisa. Kila barua iliyotoka katika chumba kile cha mafaili ilikuwa na saini yangu, na chini yake muhuri wa Kaimu Mkuu wa Masijala, mpaka mpira wa muhuri wenyewe ukalika upande mmoja, ikawa inasomeka "aimu".

Ofisi gani, sisemi. Ni ofisi ya umma hapa Babati mjini, na wanaoijua wanaijua.

Simlaumu aliyenipachika jina hilo. Nililipenda. Nilijua siku moja neno lile litadondoka, nibaki Mkuu kamili. Baada ya kumsomesha Dorika, hicho tu ndicho nilichokitaka duniani: kutia saini bila lile neno mbele.

Kisha mambo yakabadilika. Zamani nafasi kama ile ilijazwa kwa bosi kuingia masijala, kukutazama juu ya miwani na kusema, "Brigita, kuanzia Jumatatu." Sasa ilitangazwa. Ilibidi niombe kwenye kompyuta, nisafiri hadi Dodoma, nikae ukumbini na vijana mia tatu wa umri wa Dorika, nijibu maswali. Swali la kwanza lilisema: Eleza mzunguko wa maisha ya kumbukumbu. Mimi nimeshika mafaili miaka ishirini na saba. Nimeyaokoa na panya, nimeyaanika juani mwaka ule paa lilipovuja, najua faili la marehemu fulani lilipo hata umeme ukikatika. Nikaandika kwamba kumbukumbu haina maisha, wenye maisha ni watu, na kazi yetu ni kuhakikisha karatasi ya mtu haipotei kabla ya mwenyewe. Niliiona ni jibu zuri. Dorika ndiye aliyenifungulia matokeo kwenye simu yake. Alisoma, kisha akaniambia ninywe chai kwanza.

Aliyepita aliitwa Sabrina. Miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Kondoa, shahada ya utunzaji wa kumbukumbu, hijabu zilizopigwa pasi mpaka zinasimama. Siku ya kwanza alizunguka ofisi nzima akisalimia, na kila mtu akamwelekeza kwangu: nenda kwa Mama Kaimu, muulize Mama Kaimu. Alipofika mezani pangu akanipa mkono, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mama Kaimu."

"Marahaba."

"Kaimu hajambo? Yuko darasa la ngapi sasa?"

Sylvesta, karani mwenzangu, alijifanya ameangusha kalamu, akainama chini ya meza, na nikaona mabega yake yanavyotikisika. Binti alidhani Kaimu ni mtoto wangu. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kwao wako watu wanaoitwa hivyo kabisa, na kwamba hakuwa na nia mbaya. Wakati ule sikutaka kujua nia yake. Niliona msichana aliyekuja kukaa kwenye kiti changu akinidhihaki mbele ya wenzangu kwa jina la kiti chenyewe.

"Kaimu amefariki," nikamjibu. "Wiki iliyopita."

Akashika mdomo. Akasema innalillahi, akanipa pole kwa sauti ya chini, akauliza kama nimeshamaliza msiba au nahitaji ruhusa. Sylvesta akashindwa kuvumilia, akatoka nje. Ni yeye aliyemweleza ukweli huko nje, binti alipomfuata. Sabrina alirudi macho yamelowa, akaniomba radhi mara tatu, nami nikamwambia hakuna neno. Lilikuwepo. Lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila aliponisalimia asubuhi nililisikia likigeuka.

Sitajisingizia uungwana. Nilimwonea wivu yule binti, wivu wa waziwazi, wa kunikosesha hamu ya kula. Nilimwonea wivu kwa kiti, maana kilikuwa kikilia nikikikalia mimi, yeye akakitia mafuta siku ya pili na hakikulia tena. Nilimwonea wivu kwa Mudy wa chai. Miaka yote Mudy alikuwa akiingia na birika lake, kikombe cha kwanza changu na maandazi mawili ya juu kabisa, yale yasiyogandana. Wiki ya pili tu akapita mezani pangu akiniambia, "Subiri kidogo Mama, Bosi kwanza." Nilikunywa ile chai, lakini sikusikia sukari.

Kilichoniuma zaidi ilikuwa kazi yenyewe. Zamani mtu akitafuta faili ilibidi asimame dirishani kwangu na kuomba kwa heshima. Walimu wanaofuatilia kupanda daraja, wajane wanaofuatilia mirathi, hata wakuu wa idara, wote walinihitaji, kwa sababu ramani ya mafaili yale ilikuwa kichwani mwangu. Sabrina alikuja na kompyuta na daftari. Aliniuliza taratibu, kabati kwa kabati: hili liko wapi, na hili je, na kwa nini hili liko pamoja na lile. Nikamjibu. Ningekataa vipi? Akaandika yote. Baada ya miezi minne akabandika tangazo mlangoni kwamba faili lolote litapatikana ndani ya dakika kumi, na kweli likapatikana, hata siku nisipokuwepo. Nilirudi kutoka likizo ya ugonjwa nikakuta hakuna aliyekwama. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikwenda chooni nikalia.

Na alikuwa na adabu, hilo ndilo lililonimaliza. Angekuwa na kiburi ningepata pa kumshikia. Hata kosa aliniuliza kwanza kabla ya kulirekebisha.

Siku moja tulikuwa tunapanga mafaili ya wastaafu. Ninyi msiokaa masijala, jueni hivi: kila karatasi inayoingia kwenye faili hupewa namba. Unaiandika kwa kalamu nyekundu, juu kwenye pembe ya kulia, unaizungushia duara. Hiyo ndiyo folio. Karatasi ikishapewa namba haitoki tena kienyeji. Ikitolewa, lazima uandike kwenye karatasi ya madokezo, ile ya upande wa kushoto wa faili, kwamba folio fulani imeondolewa, nani ameiondoa na kwa sababu gani. Mimi nimeandika namba hizo nyekundu mpaka kidole kimeota sugu. Sabrina akatoa kwenye faili moja la zamani kikaratasi nusu, kimekunjwa mara nne, kimekuwa cha njano.

"Mama, hii mbona haina folio?"

Nikacheka. Kwa mara ya kwanza niliona kitu asichokijua. Nikamwambia hicho ni kimemo. Zamani mkubwa akitaka ndugu yake aajiriwe haandiki barua, anachana nusu karatasi, anaandika mistari miwili: mleta kimemo ni kijana wetu, msaidie. Kijana anakuja nacho mkononi, anaajiriwa, na kikaratasi kinachomekwa nyuma ya faili ili siku ya siku ijulikane nani alimleta nani.

"Lakini kimemo hakipewi namba," nikamwambia, nikijisikia mwalimu. "Ukikipa namba kinakuwa cha serikali. Kinakaa humo bila namba, na mtu akitaka kukitoa anakitoa, hakuna wa kuuliza."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye daftari lake. Hata hilo aliliandika.

Sylvesta ndiye aliyenitia maneno. Aliniambia tukiwa tunarudi kwa miguu kuelekea stendi kwamba yule binti lazima ana mtu. Haiwezekani, akasema, binti wa mkulima wa ufuta ashinde watu mia tatu. Huko juu wanabadilisha majina ya mambo tu, usaili ni wa kuonyesha, watu bado wanaingia kwa mlango wa nyuma. Nilimsikiliza kama mtu anayekunywa maji ya baridi. Kama Sabrina ana mtu, basi mimi sikushindwa. Basi lile jibu langu la Dodoma lilikuwa sahihi.

Na kulikuwa na Dorika. Dorika alimaliza stashahada miaka mitatu iliyopita, na miaka yote hiyo amekaa nyumbani akinisaidia kupalilia mahindi nyuma ya nyumba na kuangalia mlima Kwaraa. Kila nafasi zilipotangazwa nilimwambia asihangaike na usaili, mama yake yuko ofisini miaka ishirini na saba, nitaongea na watu. Niliongea nao. Walinisikiliza, wakanipa soda, wakaniambia siku hizi hatuwezi, Mama Kaimu, siku hizi ni mfumo. Nilipomtazama Sabrina akifungua laptopu yake nilimwona Dorika ameketi nyumbani, na sikujua nimkasirikie nani, nikamkasirikia aliyekuwa karibu.

Mwezi wa kumi na moja zikaja habari kwamba Jumatano ya wiki inayofuata watakuja watu kuhakiki ajira mpya. Wangepitia faili binafsi la kila aliye kwenye kipindi cha majaribio, waone ameingiaje, ndipo athibitishwe. Sabrina alikuwa bado hajathibitishwa. Mafaili binafsi yanakaa chumba cha ndani, masijala ya siri, na funguo alikuwa nazo yeye. Ijumaa saa saba alitoka kwenda kuswali kwa shangazi yake, mtaa wa Maisaka, kama kawaida yake. Akaniwekea funguo mezani. Wakati mimi ni kaimu sikuwahi kumwachia mtu funguo zile, hata Sylvesta.

Niliingia kutafuta kimemo chake.

Faili lilikuwa jembamba, folio kumi na tatu. Nilipekua karatasi moja moja. Cheti cha kuzaliwa. Vyeti vya shule. Barua ya kuitwa kwenye usaili. Nakala za barua mbili za zamani zaidi, za usaili mwingine: tunasikitika kukujulisha, tunasikitika kukujulisha. Alishindwa mara mbili kabla ya kushinda. Barua ya kupangiwa kituo. Fomu ya kiapo. Nikapekua nyuma ya faili, nikakunjua jalada, nikatikisa. Hakuna kitu kilichodondoka. Faili lilikuwa safi, kila karatasi na namba yake, na nikahisi uso unaniwaka kama nimepigwa kibao. Ningeona kimemo ningemsamehe, nakwambia kweli. Ningefunga faili, nirudi mezani, ninywe chai yangu ya pili kwa amani. Usafi ule ndio sikuweza kuuvumilia.

Kwa hiyo nilikiandika mwenyewe.

Haikuchukua dakika tano. Nilichana nusu karatasi kutoka kwenye rundo la karatasi kuukuu, nikaandika kwa herufi za kulala, si mwandiko wangu: "Mleta kimemo hiki ni binti yetu. Amelelewa vizuri. Naomba umtazame kwa jicho la huruma. Tutaonana." Nikatia saini ya kuchorachora isiyosomeka, kama zilivyokuwa saini za wakubwa wote. Maneno yalikuja yenyewe, sikujua yametoka wapi. Nikakikunja mara nne, nikakikunjua, nikakichomeka nyuma ya folio ya kumi na tatu. Nikarudisha faili, nikafunga, nikaweka funguo mezani pangu palepale alipoziacha.

Jumamosi na Jumapili nilikuwa mtu mwema kupita kiasi. Nilimpikia Dorika makande kwa maziwa, nikaimba kanisani kwa sauti. Dorika akaniuliza kama nimepewa cheo.

Jumatatu saa tatu asubuhi Sabrina akaniita chumba cha ndani, akafunga mlango. Mezani palikuwa na mafaili mawili. Moja lilikuwa lake, limefunguliwa mwishoni. Nilikiona kimemo changu kimelala hapo juu, na kwenye pembe ya kulia, kwa kalamu nyekundu, ndani ya duara safi, palikuwa na kumi na nne.

Nilikuwa nimekipa namba.

Sikumbuki kuiandika. Mpaka leo naapa sikumbuki. Miaka ishirini na saba mkono huu haujaweka karatasi kwenye faili bila kuipa namba, na siku ile mkono ulifanya kazi yake bila kuniuliza. Na nne yangu inajulikana na kila mtu pale, naifunga kwa juu kama kijumba. Nikatazama ile nne, nikavuta kiti.

Sabrina hakupandisha sauti.

"Vimemo havipewi namba, Mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Nikatafuta uongo. Nilikuwa nao mwingi, lakini hakuna hata mmoja uliotosha kile chumba. Akasogeza faili la pili mbele yangu, na nikaona ni langu, lile jalada la kahawia lililokatika kona. Alisema aliyapitia mafaili ya watumishi wote wa masijala mwisho wa wiki, kwa ajili ya wageni wa Jumatano, akakuta kitu na hakujua afanye nini nacho. Akafungua nyuma kabisa. Kikaratasi nusu, cha njano, kimekunjwa mara nne.

Nilikijua kabla hajakikunjua. Mwaka wa tisini na saba mjomba wangu Konstantini alikuwa dereva wa mkubwa mmoja, na alikwenda kumwombea mpwa wake. Nilikibeba mimi mwenyewe kutoka Bagara mpaka mjini, nimekishika kwa leso kisichafuke, na njiani nilikisoma mara nyingi mpaka nikakihifadhi moyoni kama sala. Miaka yote nilidhani kilitupwa.

Sabrina akaviweka viwili sambamba. Mleta kimemo hiki ni binti yetu. Amelelewa vizuri. Naomba umtazame kwa jicho la huruma. Tutaonana. Neno kwa neno, cha njano na cheupe.

Nje nilimsikia Mudy akigonga birika kwa kijiko, akimuuliza Sylvesta Bosi yuko wapi.

"Kichane," nikasema hatimaye. "Hicho changu cha Ijumaa. Kichane yaishe. Tafadhali, mwanangu."

Alifikiri. Naamini alifikiri kweli, maana alikishika mkononi. Kisha akakirudisha kwenye faili.

"Kina namba, Mama. Karatasi yenye namba haitoki kienyeji, na hapa mwenye kuulizwa ni mimi. Na hata nisingeulizwa..." Akasita. "Nitakuwa nimekusaidia kwa sababu nakujua. Si ndivyo vimemo vilivyokuwa vikifanya kazi?"

Akaniambia kinachotakiwa, kama nilivyomweleza mimi siku ile ya mafaili ya wastaafu. Folio ya kumi na nne itaondolewa kwa dokezo. Dokezo liseme nani aliiweka na kwa nini inatolewa, na liandikwe na aliyeiweka. Akishalisoma atalipeleka kwa afisa utumishi leo hii, na uamuzi utakuwa wa afisa utumishi, si wake. Hakunitisha, wala hakunifariji. Simu yake ikaita, akainuka. Mlangoni akageuka, akaonyesha kwa kidevu faili langu.

"Hicho cha zamani hakina namba. Sijakigusa, na sijamwambia mtu."

Akatoka, akaufunga mlango polepole.

Nilielewa vizuri. Karatasi ya uongo ilikuwa na namba na haikuweza kutoka. Karatasi ya kweli haikuwa na namba, na ingeingia kwenye sidiria yangu bila kelele. Yeyote ambaye angefungua faili la Brigita angekuta barua ya ajira ya mwaka wa tisini na saba, nyeupe, haina wa kuisemea. Nilikishika kile kikaratasi cha njano. Bado kilikuwa na alama ya kidole changu cha mafuta ya nywele, ya msichana wa miaka ishirini na mbili.

Sitaki mtu aseme nilitubu. Sikuwa nafikiria dhambi. Nilikuwa nafikiria faili lake, folio kumi na tatu, barua mbili za kusikitika zimewekwa humohumo bila aibu, na kwamba kesho na keshokutwa, hata mimi nikishafukuzwa na kusahaulika, faili lake litakuwa safi na langu litakuwa safi kwa kuibia. Angejua. Asingesema kwa mtu, kwa adabu zake zile, lakini kila akinipa shikamoo angejua. Hilo sikuweza kumwachia. Kiti alikuwa nacho, chai alikuwa nayo, ramani ya makabati alikuwa nayo. Niliuonea wivu hata usafi wake, na nikataka wa kwangu.

Nikachukua kalamu nyekundu. Kimemo cha mjomba Konstantini nikakiweka mahali pake, mbele ya barua ya ajira iliyokuwa folio ya pili, kwa kuwa ndicho kilichoizaa. Juu kwenye pembe ya kulia nikaandika 1A, maana moja na mbili zilikuwa na wenyewe, nikaizungushia duara. Kwenye karatasi ya madokezo nikaeleza kwa mistari mitatu: folio 1A ni kimemo nilichoajiriwa nacho, kimekuwemo humu bila namba, nimekipa namba leo.

Kisha nikavuta faili la Sabrina. Dokezo hilo lilinichukua muda. Niliandika kwamba folio ya kumi na nne si ya kweli. Imeandikwa na kuwekwa na mimi siku ya Ijumaa saa saba mchana, mwenye faili akiwa ameniachia funguo. Hakuna mtu aliyemwombea mwenye faili hili kazi, nimetafuta mwenyewe na sikuona. Sababu, nikaandika, halafu nikakaa na kalamu. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona neno hilo kwenye karatasi ya serikali, lakini lingine halikuwepo. Nikaandika: wivu. Nikatia saini.

Sabrina aliporudi alisoma akiwa amesimama. La kwangu alilisoma mara mbili, akagusa ile 1A kwa ncha ya kidole, akapumua kwa pua. Lake alilisoma mara moja. Alipofika kwenye neno lile la mwisho akakaa, akanisogezea faili.

"Mama Dorika," akasema.

Nikainua uso. Jina la mtoto limo kwenye fomu ya wategemezi, folio ya tano. Alikuwa amelisoma.

"Umetia saini, hujaandika cheo."

Ni kweli, sikuwa nimeandika. Nikashika kalamu, na mkono ukaanza wenyewe kama ulivyozoea, K, halafu a. Nikausimamisha hapo. Nikazikata zile herufi mbili kwa mstari mmoja, nikatia saini ndogo pembeni kama inavyotakiwa ukikosea, na mbele yake nikaandika cheo changu chenyewe: Mtunza Kumbukumbu.